Wanafunzi Kumi Tu

Jumatatu, 3 Februari
Leo nimegundua dhuluma. Mhadhiri wa ofisi ya jirani, ninayemwita Bwana Tai maana tai haimtoki shingoni hata kwenye joto, ana wanafunzi kumi na wawili. Kumi na wawili! Husahihisha mitihani yao yote kabla chai haijapoa. Mimi nina themanini, somo la Historia ya Mizani na Vipimo. Mshahara ule ule. Nimelalamika kwa mkuu wa idara. Akasema chuo kinanishukuru sana. Shukrani haichemki sufuriani.

Basi. Kama mshahara haupandi, kazi ishuke. Wanafunzi wanaruhusiwa kuhama somo hadi Ijumaa. Nitawakimbiza.

Jumanne, 4 Februari
Nimeingia darasani bila salamu. Nimetangaza mtihani kila wiki na vitabu vinane, kimoja cha Kilatini. Binti wa mstari wa mbele akauliza kama mimi mwenyewe nimekisoma. Nimemkazia macho. (Sijakisoma.) Kufikia mchana nusu wamehama. Raha iliyoje! Jioni nimebandika tangazo: kipindi kimehamia saa kumi na mbili alfajiri. Mke wangu, kuniona nina furaha, akauliza kama nimeongezwa mshahara. Nikasema ni karibu sawa na hilo.

Jumatano, 5 Februari
Tatizo la kipindi cha alfajiri: na mimi ilibidi nije. Nimewakuta wanane wakipiga miayo, wengine wote wamehama. Ushindi!

Kutoka tu, nikakutana na mkuu wa idara. Akanikumbusha kanuni: somo lenye wanafunzi chini ya kumi hufungwa Ijumaa jioni, na mwalimu wake hupewa mwaka wa kwanza, ukumbi mkubwa. Mia nne! Somo la lazima, hakuna anayeruhusiwa kuhama. Mshahara, akaongeza kwa upole, ni ule ule.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeshinda mkahawani nikitabasamu. Hakuna vitabu, nikawaambia wale waliohama. Hakuna mtihani. Wakazidi kunikwepa, wanadhani ni mtego. Mmoja aliacha chai yake mezani. Bwana Tai akapita, akauliza kama meno yananiuma.

Nyumbani nikambembeleza shemeji, mdogo wake mke wangu, anayesomea umeme chuoni kwetu. Amekubali kujiandikisha yeye na rafiki yake, mradi nimwachie kiti changu cha mbele ya televisheni muhula mzima. Wanane na wawili, kumi. Nimekubali. Nakisikitikia kile kiti. Mke wangu akasema mtaka yote hukosa yote. Sijui alimaanisha nani.

Ijumaa, 7 Februari
Kumi! Nimewahesabu mara mbili. Nilikuwa mtu mwema kabisa hadi yule binti wa mstari wa mbele alipouliza kama ni kweli kitabu cha Kilatini kimefutwa, maana yeye ameshakisoma. Amekisoma! Darasa likacheka. Damu ikanichemka. Nikasema anayejiona anajua kuliko mwalimu, mlango uko wazi.

Akatoka. Nikamkimbilia hadi kwenye ngazi nikimwita mwanangu, mwanangu. Hakugeuka. Amehamia kwa Bwana Tai.

Tisa. Somo limefungwa. Bwana Tai ameniletea kalamu nyekundu, boksi zima. Shemeji amekataa kurudisha kiti, anasema makubaliano ni makubaliano. Nimeumia kweli.

Jumatatu, 10 Februari
Ukumbi mkubwa. Mia nne na ushee, kipaza sauti kinapiga mluzi. Nikazitazama zile sura, na ghafla akili ikafunguka. Sikusalimia. Nimetangaza mtihani kila wiki na vitabu vinane. Wakanywea wote! Mkuu wa idara, aliyekuwa amekaa nyuma, akaja kunishika mkono. Akasema mitihani hiyo ataiingiza kwenye ratiba leo leo.

Kufikia Ijumaa nusu watakuwa wamekimbia.

Nimemsimulia mke wangu. Akauliza, ikiwa hawaruhusiwi kuhama, hiyo mitihani mia nne ya kila wiki ataisahihisha nani. Watu wengine hawajui kumfurahia mwenzao. Nimemjibu, nikiwa nimesimama maana kiti kina mwenyewe, kwamba mambo ya chuo hayajui.