Anania Juu Kabisa ya Orodha

Jumatatu, 7 Juni 1954. Isongole.

Balaa. Makala ya Bwana Hallam, mkuu wangu, juu ya fukusi wa maharage imerudi kutoka kwa jarida la London. Hawakuikataa. Wamekataa ukurasa wangu wa mwisho tu, ule wa marejeo, yaani majina ya wataalamu ambao Bwana ameazima maneno yao. Wanasema umepangwa ovyo. Mimi, Anania Kibona, karani pekee wa kituo hiki cha kilimo mwenye mashine ya taipu na tai mbili!

Bwana amenipa karatasi ya masharti. Jina la ukoo litangulie, kisha herufi moja ya jina la ubatizo, mwaka, kichwa cha makala. Wote wapangwe kwa alfabeti. Lori la Tukuyu linaondoka Jumamosi na bahasha lazima iwemo.

Nilisoma nikashika kichwa. Jina la ukoo ni la baba. Mtoto afanye kazi, sifa apewe baba yake? Tena hakuna Bwana wala Daktari. "Whitcombe, A." Hivi hivi, kama anaitwa mbuzi atoke shambani.

Jioni nilikwenda kuulizia posa yangu kwa Mzee Efraimu, mzee wa kanisa, baba yake Felista. Akasema kwa upole kwamba binti yake haolewi na mtu anayepiga chapa jina la mwenzake kila siku, la kwake halijaonekana popote. Nilete jina langu kwenye karatasi ya maana, ndipo tuzungumze. Gwakisa, mkamata wadudu wa kituo, naye alikuwepo, ameleta posa yake. Yeye alipewa togwa. Mimi nilipewa maji.

Jumanne, 8 Juni.

Nimekumbuka. Mimi pia nimewahi kuchapwa! Mwaka juzi gazeti la misheni lilitoa tangazo langu la kupotelewa na mbuzi mweusi, jina langu chini yake. Hiyo ni makala. Nimeiingiza kwenye marejeo. Na pale Bwana anaposema kwamba fukusi huhama ghala hadi ghala bila mtu kuwaona, nimeongeza mabano: (Kibona, 1952). Yule mbuzi naye alihama bila mtu kumwona.

Tatizo ni K. Inaniweka katikati, chini ya watu nisiowajua, na Mzee Efraimu macho yake hayafiki mbali, husoma mstari wa kwanza akachoka. Dawa nimeipata. Wote nimewapanga kwa majina ya ubatizo, kwa kuwa mtu ni lile jina alilomwagiwa maji. Anania juu kabisa.

Lakini wenzangu wana herufi tu, kama magunia ya kahawa. Huwezi kumwacha mtu mzima hivyo. Nimewapa majina. J. ni Jonasi. E. ni Ezron. W. ni Watson. Huyu A. Whitcombe alinisumbua, maana angeweza kunipita. Nimempa Azaria, akatulia nyuma yangu.

Jumatano, 9 Juni.

Sijala. Bwana anasema kesho anakuja mgeni kutoka Nairobi kuipitia makala kabla haijaondoka. Jina lake Profesa Whitcombe. Nilidhani watu wa kwenye marejeo wanakaa kwenye marejeo. Hakuna aliyeniambia kwamba hupanda magari na kutembea.

Gwakisa aliniuliza nina nini. Mkononi alikuwa na kichupa, ndani fukusi mwenye mgongo mwekundu aliyemkuta kwenye maharage ya Ikupa, mjane wa bondeni. Aliniomba nimtazame. Nikamwambia fukusi ni fukusi, aniache.

Alhamisi, 10 Juni.

Profesa Azaria ni mwanamke. Ameshuka garini na gauni la kijani na viatu vya mpira. Mimi nimesimama na hotuba ya kumkaribisha Mzee wetu, na kwa kuwa sikujua pa kuikatia, niliisoma yote hadi pale ninapomtakia ndevu zake ziongezeke.

Alisoma marejeo mezani. Kisha akamwuliza Bwana tangu lini rafiki yao John ameitwa Jonasi, na marehemu Edith amekuwaje Ezron. Alipofika kwa Azaria alinitazama mimi. Mwisho akauliza huyu Anania wa kwanza ni mtaalamu gani, angependa kusoma kazi yake. Nikaeleza habari za mbuzi. Bwana alikwenda kusimama dirishani akatupa mgongo. Mama yule alicheka hadi akavua miwani.

Baadaye alinikalisha. Alisema masharti haya si utovu wa adabu, ni njia. Mtu wa mbali asiyetufahamu alifuate jina mpaka akifikie kitabu chenyewe akahakikishe. Ukiweka jina lisilo lake, unampoteza njiani. Nikaitikia ndiyo Mama, nimeelewa. Kwa kweli nilikuwa nawaza togwa.

Ijumaa, 11 Juni.

Nimepiga upya marejeo yote kwa majina ya ukoo. Kibona kafutwa. Nilivumilia.

Kisha Bwana akaniletea aya mpya ya ukurasa wa nne. Yule fukusi wa mgongo mwekundu hajulikani popote duniani, Mama amethibitisha. Apewe jina la kitaalamu kwa heshima ya aliyemkamata. Jina la Gwakisa! Kwa Kilatini, limepigiwa mstari, hadi mwisho wa dunia. Nilionyeshwa kile kichupa mimi kwanza.

Bwana alisoma, akatia sahihi ukurasa wa mwisho, akaenda kumsindikiza mgeni. Nimebaki peke yangu na bahasha iliyo wazi. Ukurasa wa nne hauna sahihi. Nimeupiga tena. Kila palipokuwa na Gwakisa sasa pana Anania, na Kilatini hakikuleta ubishi wowote. Nakala ya kaboni nimemwekea Mzee Efraimu.

Jumamosi, 12 Juni.

Lori limeondoka na bahasha. Gwakisa alinisaidia kuifunga kwa kamba. Akasema asante sana, kaka Anania, kwa kuliandika jina langu vizuri. Moyo uliniuma kidogo. Ulipona kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili, 13 Juni.

Nimetoka kwa Mzee Efraimu sasa hivi. Naandika nimesimama.

Nilifika baada ya ibada na nakala yangu kwapani. Nikamkuta Gwakisa kizingitini, kichwa chini. Alikuwa ametangulia kutoa habari njema za mdudu wake. Mzee alikuwa amekunja uso. Akaniuliza, mwanangu, ulishasikia mtu akimpa jina lake mdudu anayekula maharage ya wajane? Kila nyumba itakayokosa mboga italitaja jina hilo. Wajukuu zake wataitwa ukoo wa fukusi. Posa ya Gwakisa imekwisha leo.

Kisha akanitazama kwa upendo. Akasema kwangu tumaini lipo, maana jina langu ni safi. Akauliza ile karatasi aliyoniagiza iko wapi. Niliikalia. Nikasema bado iko London. Felista akaniletea togwa, kikombe kikubwa, na sikuweza kuimeza.

Mzee akamalizia kwamba jarida likifika, Mwalimu Ketrina atalisoma kanisani mbele ya wote, jina la mdudu lijulikane.

Nimetafakari kosa langu lilikuwa wapi. Nimeliona. Niliharakisha kuacha marejeo. Kesho nawaandikia London waongeze moja lililosahaulika: "Gwakisa, 1954. Ungamo la Mtu Aliyempa Mdudu Wake Jina la Mwenzake. Gazeti la misheni." Ungamo lenyewe halijaandikwa, nitamwandikia mimi Jumanne kwa jina lake. Jina la ukoo nitatanguliza, kisha herufi, kisha mwaka. Safari hii nafuata masharti yote.