Kumtuliza Mbwa kwa Nyundo

Jumamosi, 3 Mei

Nimechukua mbwa. Kwa majaribio ya siku kumi, kutoka kituo cha mbwa waliookolewa. Sababu ni Robo Saa, fundi saa wa ng'ambo ya barabara, ambaye mbwa wake anasifiwa mtaa mzima kwa upole. Upole gani? Amelala tangu tuhamie hapa. Mimi nataka wateja wa makochi wakifika barazani kwangu wakute mbwa aliyefunzwa na mtu anayejua.

Wangu anaitwa Tulia. Jina hilo alipewa na watu wenye matumaini. Rangi ya kahawia, sikio la kushoto limechanika, macho hayakai mahali. Amerudishwa kituoni mara mbili kwa kuuma watu. Mama anayesimamia kituo, nitamwita Bi Kituo, alinieleza polepole, kama unavyomweleza mtu asiyesikia vizuri, kwamba mbwa huyu si mbaya, ana woga tu. Atakuja kumkagua Jumanne ya tarehe 13. Akirudishwa mara ya tatu, daktari wa wanyama atamchoma sindano, na hiyo itakuwa ndiyo safari yake ya mwisho.

Nikamwambia aondoe shaka. Mbwa ni miguu minne na mkia. Miguu minne mimi nimeishika miaka kumi na tisa.

Jumapili, 4 Mei

Sikufanya kazi leo. Mbwa alishinda kimya. Mama mkwe wangu alikaa kwenye korido akimenya njegere, hata hamtazami, akimrushia mojamoja. Kufikia mchana Tulia alikuwa amelala hatua mbili kutoka miguuni pake.

Mke wangu alisema mama ana mkono mzuri. Sikutaka ubishi. Lakini ni nani aliyekuwa kwenye kiti akimkazia mbwa macho kwa mamlaka tangu asubuhi? Siku moja tu, na ameshajua nani mkubwa.

Jumatatu, 5 Mei

Ameniuma.

Nilianza kazi saa mbili, kochi la watu watatu, kupigilia kitambaa cha mgongo. Sijamaliza safu ya kwanza ya misumari, nikasikia meno kwenye kisigino. Nikamfukuza. Nikarudi kugonga. Akarudi kuuma. Nyumba ina watu watatu, kaniona mimi tu.

Nimefikiri na nimepata jibu: dharau. Kwa mbwa, mkubwa hula kwanza. Kwa hiyo saa nane nikapiga magoti sakafuni mbele yake, nikashika biskuti kwa meno, nikamngurumia. Ndipo alipoingia mteja aliyekuja kuchagua rangi ya kitambaa. Nilijaribu kumweleza, ila biskuti ilikuwa bado mdomoni. Alisema atapita siku nyingine. Hakuitaja siku.

Jumatano, 7 Mei

Leo nilitumia akili ya fundi. Nimejishonea vazi la sponji, unene wa inchi nne, mikono na miguu yote. Mpango: navaa, nafanya kazi yangu kama kawaida, yeye anauma mpaka anachoka, mwisho anaona haina maana.

Hakuchoka. Kila nikiinua nyundo ananirukia upya, utadhani amelipwa. Aling'oa goti la kulia, nikaanguka chali, na hapo nikagundua kuwa mtu aliyevaa sponji inchi nne hawezi kuinuka. Nikajiviringisha hadi ukingo wa baraza. Mtaa wote ulikuwepo. Robo Saa ndiye aliyevuka barabara kuniinua. Aliuliza kama nimeishiwa betri. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Wakati wa chakula mama alisema, kwa ile sauti yake ya kutotaka ugomvi, kwamba, mwanangu, mbwa huyu hana neno mpaka ushike nyundo. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba, mama, nimegonga misumari miaka kumi na tisa na mwanao hajaniuma hata siku moja. Mke wangu akasema amewahi kufikiria.

Ijumaa, 9 Mei

Nimegundua kosa langu. Mbwa hajioni kuwa wa nyumbani. Atajionaje, na analalia gunia? Nikaamua kumtengenezea kochi lake. Mbao ngumu, mahameli ya buluu iliyobaki kwenye kazi ya harusi, na misumari ya shaba mia mbili arobaini pande zote. Nikamfunga kamba pale pale karibu na benchi ili aone kwa macho yake ninavyohangaika kwa ajili yake. Tangu saa mbili hadi saa kumi sikupumzika.

Shukrani ya punda mateke. Alibweka mpaka sauti ikamkauka, akajikojolea, mwisho akaitafuna kamba na kukimbilia ndani. Kochi hakuligusa. Ni zuri kuliko la kwetu.

Nilimkuta chini ya kitanda cha mama. Anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana. Hakunguruma. Alinitazama tu, halafu akageuza uso ukutani. Nikakumbuka ile sindano, nikakaa sakafuni na machozi yakanitoka. Sitaki afe. Naandika humu tu. Nyumbani nimesema ni vumbi la sponji.

Jumapili, 11 Mei

Zimebaki siku mbili na sina mbwa wa kuonyesha. Hapo ndipo mtu mwenye kichwa anapokitumia.

Mbwa wa Robo Saa naye ni wa kahawia. Kimo kile kile. Jumanne nitamlaza barazani kwangu, Bi Kituo atampapasa, atasaini, ataondoka. Tulia atafichwa chumbani kwa mama. Sikio la kushoto nitalibandika plasta, niseme kidonda kinapona.

Nilikwenda kumwomba Robo Saa. Kinywa kilikuwa kichungu kama shubiri, lakini nilimwita jirani mpendwa. Akakubali, kwa sharti moja: mpaka Jumanne jioni nisigonge hata msumari mmoja. Ana saa kubwa ya ukutani ya mteja, hajui inachelewa wapi, na anataka kuisikiliza. Kusikiliza saa! Kila mtu na wazimu wake. Nimekubali.

Jumatatu, 12 Mei

Sikugonga. Nilikata vitambaa na kushona kwa mkono. Tulia alitoka chumbani kwa mama, akazunguka nyumba, akanusa viatu vyangu na kuvikojolea kidogo tu. Sikumjali. Hesabu zangu ziko kwa mbwa mwingine.

Jumanne, 13 Mei

Bi Kituo alifika saa nne kamili. Mbwa wa Robo Saa alikuwa amelala barazani, plasta sikioni, anakoroma. Nikaanza maelezo. Nikazungumzia mamlaka, macho, biskuti. Nikasema mbwa huyu alikuja simba, sasa ni mto wa kochi.

Bi Kituo aliinama, akamgeuza ubavu. Akasema amefurahi sana. Alitaka kujua kitu kimoja tu: Tulia, ambaye ni jike, amekuwa dume tangu lini?

Siku kumi, na sikuwahi kuangalia. Nilisema hali ya hewa. Hakuandika. Akauliza Tulia mwenyewe yuko wapi, na safari hii hakutabasamu. Alikuwa ameshika karatasi ya kurudishia mbwa. Niliiona kwa macho yangu.  Nikamwambia kweli yote, na nikamwomba asimpeleke kwa daktari, kwamba kama ni kuuma, kisigino changu kipo na sina malalamiko.

Mlango wa korido ukafunguka. Mama akatoka na bakuli lake la njegere, na nyuma yake Tulia, bila kamba. Bi Kituo akakaa chini, akatandaza kiganja, akatazama pembeni. Tulia akakinusa. Akarudi nyuma. Akanusa tena, kisha akajilaza, kidevu juu ya kiatu cha mgeni. Bi Kituo akafuta macho. 

Alipouliza tumefanyaje, nilifungua kinywa. Mama akaniwahi. Alisema tangu juzi nyundo imenyamaza, basi.

Tulia anabaki. Karatasi imesainiwa, na mwenye mbwa ameandikwa mama mkwe. Sharti: nyundo isisikike tena katika nyumba hii.

Jumatano, 14 Mei

Kwa hiari yangu mwenyewe nimeamua kupanua biashara. Karakana ya makochi inahamia kile kibanda kilichokuwa wazi ng'ambo ya barabara, ukuta mmoja na Robo Saa. Yeye hakuulizwa; kibanda ni cha mwenye nyumba. Mke wangu na mama walinisaidia kubeba vifaa. Sijawahi kuwaona wakibeba kwa furaha vile.

Alhamisi, 22 Mei

Kazi imekubali. Nimegonga wiki nzima bila kuumwa na mtu. Jana nilipita nyumbani mikono mitupu, Tulia akanitikisia mkia mara moja. Ile biskuti ilichelewa tu kufanya kazi.

Habari mbaya ziko kwa jirani. Mbwa wa Robo Saa, yule aliyesifiwa na mtaa mzima, ameharibika. Halali tena. Anajificha chini ya meza ya saa, anatetemeka, na asubuhi hii nilipoingia kusalimia, nyundo bado mkononi, alinishika kisigino. Robo Saa anasema yameanza Alhamisi iliyopita, akanitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemlea. Ndiyo matokeo ya kumdekeza mnyama.

Sina kinyongo, nimemhurumia. Nimemwambia atulie, mbwa wa namna hii amekutana na mtaalamu wake. Kesho alfajiri nahamishia benchi langu chini ya dirisha lake, ili kutwa nzima akinisikia nikigonga ajue hayuko peke yake.