Ombi la Kumwondoa Binti Yangu katika Chumba cha Kulia cha Masista

Kwa Sista Mwalimu Mkuu,

Salamu zangu zikutangulie hadi ofisini, na zikukute umeketi, maana jambo ninalolileta ni refu na lina vifungu.

Mimi ni yule mchora mabango ambaye karakana yake inatazamana na lango lenu la magari. Ndimi niliyeandika kibao cha shule tangu ilipokuwa na madarasa mawili na choo kimoja, na kila mwaka mpya huitwa niongeze mstari. Mwaka huu nafasi ilikwisha, nikalazimika kuandika "na Darasa la Sita" kwenye nguzo. Nalitaja hili ili ufahamu kwamba sina kinyongo na kukua kwa shule. Nimekula kwa kukua huko.

Siku ya kufungua mwaka, baada ya Misa, tulisimama uwanjani na watoto wetu, viatu vipya vikilia kila mtoto alipojisogeza. Ikaonekana kwamba watoto wa Darasa la Kwanza wamezidi, na kwamba mkondo wa tatu hauna pa kukaa, kwa kuwa kuta za jengo jipya zimefika usawa wa madirisha tu. Ukatangaza kwamba mkondo huo utasomea kwa muda katika chumba cha kulia cha masista. Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga kwa nguvu, nikidhani ni watoto wa wenzangu. Kisha likaitwa jina la kitinda mimba wangu.

Ninachoomba ni kimoja. Binti huyu ahamishwe kabla wiki haijaisha. Akiendelea kukaa humo, mapatano ambayo mimi na dada yangu tumeyalinda kwa uangalifu mkubwa tangu msiba wa mama yetu yatavunjika. Mapatano yenyewe ni kwamba hatusemezani.

Naeleza sababu zangu.

1. Kuhusu chumba. Meza ni za watu wazima, na watoto hukaa kwenye mabenchi miguu ikining'inia. Ubao umeegemezwa kwenye kabati la vyombo, na mchana mwalimu huuondoa ili masista wapate sahani zao. Jiko liko upande wa pili wa dirisha dogo, na kitunguu kinapoanza kukaangwa, hesabu husimama. Matokeo yake binti yangu hajui namba isiyo na chombo. Nilimwuliza tatu kujumlisha mbili ni ngapi. Akaniuliza, "Vijiko au vikombe?" Nikamwambia ni namba tu, mama. Akanitazama kwa huruma.

2. Kuhusu Sista Mzee. Nafahamu kwamba mtawa huyu amestaafu, na kwamba kiti chake kando ya dirisha la jikoni kilikuwapo kabla ya shule yenyewe. Nafahamu pia kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Mwalimu wa mkondo wa tatu ni kijana, na kila asubuhi humwomba Sista Mzee ruhusa ya kuingia katika darasa lake mwenyewe. Hivyo mkondo huo una walimu wawili, na watoto wamekwisha chagua.

Kanuni wanazoleta nyumbani si za Wizara, ni za konventi. Mojawapo ni ukimya. Kwangu sasa hakuna kusema wakati wa chakula. Chumvi huombwa kwa kugonga meza kwa kidole kimoja, maji kwa viwili. Mke wangu, ambaye tangu nimuoe amekuwa akinipa habari za mtaa mzima kati ya tonge na tonge, alizipokea kanuni hizi kwa utulivu ulionitia wasiwasi. Nilipomwuliza baadaye kama anaumwa, alisema, "Mume wangu, ndiyo mara ya kwanza nakula bila kusahihishwa." Sikuelewa alichokusudia, lakini nimeyanukuu maneno yake kama yalivyotamkwa.

3. Kuhusu usomaji mezani. Nimearifiwa kwamba masista husomewa wanapokula. Binti yangu hajajua kusoma, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi, na hufanywa kwa kusimama. Siku ya kwanza kitabu hakikuwa karibu, nikasoma kilichokuwapo, yaani kopo la rangi. Nilisoma kwa sauti inayofaa: "Koroga vizuri kabla ya kutumia. Usipake juu ya ukuta wenye vumbi. Weka mbali na watoto." Binti yangu akainamisha kichwa, akajibu, "Tumshukuru Mungu." Mke wangu naye akajibu. Sikulalamikia hilo. Nalalamika kwamba mara tu nilipomaliza, kengele ya baiskeli yangu, ambayo iling'olewa bila idhini, ilipigwa kuashiria mwisho wa chakula, na mimi sikuwa nimegusa chochote.

4. Kuhusu sahani. Hiki ndicho kifungu chenyewe, na naomba kisomwe polepole.

Binti yangu amenieleza kwamba katika chumba chenu cha kulia, mtu asiye na amani na mwenzake hukuta sahani yake imefunikwa kifudifudi, na haifunuliwi mpaka aende kwa mwenzake akaseme naye. Sista Mzee amewazoeza watoto desturi hiyo, na wao wameishika kuliko alfabeti. Jumatatu jioni nilikuta sahani yangu imefunikwa. Nikaifunua. Nilipogeuka kuchukua maji, ikafunikwa tena. Nikatamka wazi kwamba sina ugomvi na mtu yeyote. Mke wangu akakohoa.

Nalazimika basi kutoa maelezo. Dada yangu, ambaye ni mkubwa wangu na fundi cherehani, anaishi ng'ambo ya ua wetu. Mama alipofariki aliacha kabati la vioo. Mimi nilisema likae kwangu kwa kuwa ndimi mtoto wa kiume. Yeye alisema likae kwake kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilifuta vumbi. Likakaa uani, chini ya turubai. Tangu hapo hatujasemezana, ila yale ya lazima tumekuwa tukiyapitisha kwa binti yangu, tena kwa lugha ya adabu. Mimi nilikuwa nikisema, "Mwambie shangazi yako maji yametoka." Naye akijibu, "Mwambie baba yako ayachote basi, au anangoja niyabariki?" Utaratibu huu ulifanya kazi vizuri na bila kelele. Jumanne binti yangu alijiuzulu. Alisema, "Baba, mimi sibebi tena. Shangazi hayuko mbali, namwona kutoka hapa."

5. Kuhusu njaa. Jumatano niliamua kuwa imara. Nilifunua sahani yangu, nikapakua, nikala mbele ya wote. Binti yangu hakulia. Angelia, ningejua la kufanya. Alichukua sahani yake mwenyewe, akaifunika, akakunja mikono. Chakula nilichokula jioni hiyo hakikuwa na ladha yoyote, na simlaumu aliyekipika. Tangu siku hiyo mtoto anakunywa uji asubuhi na kula kwenu mchana, lakini jioni haonji hata kijiko, na mimi siwezi kushiba nikiwa nimekaa mbele ya sahani ya mtoto iliyofunikwa. Nimejaribu kula karakanani. Kila kitu huko kina harufu ya tapentaini.

Nikamtuma mke wangu ng'ambo ya ua achunguze kwa siri kama dada yangu ana mkono katika jambo hili. Alirudi akicheka hata akashika ukuta. Kumbe binti yangu hupita huko kila jioni kabla ya kuja kwangu, na sahani ya dada nayo hufunikwa. Naye dada, ambaye ulimi wake haujapata kustaafu, alimwuliza mke wangu, "Wifi, hebu niambie ukweli, huyu mtoto ni wa kwenu au ni wa Papa?"

Tazama basi hali ilivyo, Sista. Katika ua mmoja kuna watu wazima wawili wenye njaa na mtoto mmoja asiyekula, na chanzo ni uhaba wa madarasa.

6. Kuhusu madhara kwa jamii. Huenda ukasema hili ni la nyumba moja. Sivyo. Mimi ni katibu wa kamati ya usuluhishi ya parokia yetu, na kwa miaka yote kikao hakikuwahi kukosa wagombanao. Mwezi huu mwenyekiti alifika, mimi nilifika, hata chai ilifika, wagombanao hawakufika. Nilipofuatilia niligundua kwamba wote ni wazazi wa mkondo wa tatu. Walikuwa wamekwisha patana wenyewe, wamesimama milangoni, bila ajenda na bila kumbukumbu za kikao, kwa sababu walitaka kula.

Nakusihi uyatazame mambo haya kwa upana wake. Watoto hawa watapanda darasa, na wengine watakuja kukaa katika mabenchi yale. Watakapofika Darasa la Sita, parokia nzima itakuwa haina ugomvi. Kamati yangu itaketi kwa ajili ya nini? Nani ataniletea kazi ya kuandika "Kiwanja hiki hakiuzwi" na "Njia hii imefungwa", mabango ambayo ndiyo yanayonilisha katika miezi ambayo shule haikui? Watu waliozoea kununiana watapeleka wapi nyuso zao? Jambo lililoanza kwa kukosa chumba kimoja litaishia kwa mji mzima kusalimiana.

Kwa hayo yote, naomba binti yangu apelekwe mkondo wa kwanza, ambao ubao wake umepigiliwa ukutani na mwalimu wake ana sauti kubwa isiyo na madhara. Hilo likishindikana, naomba Sista Mzee ahamishiwe upande mwingine wa nyumba, pamoja na kiti chake. Hilo nalo likishindikana, naomba shule ipunguzwe mpaka itoshe katika madarasa iliyo nayo. Nipo tayari kuifuta mistari ya kibao mmoja baada ya mwingine, nikianzia ule wa kwenye nguzo, na kazi hiyo nitaifanya bure. Na hilo likishindikana, nitamwandikia Askofu. Karatasi ninayo.

Nisalimie mwalimu kijana wa mkondo wa tatu, na umwambie ajikaze. Nisalimie mpishi, mlinzi wa lango, na fundi mwashi, ambaye namwomba azidishe bidii kwenye zile kuta. Nisalimie masista wote, kila mmoja kwa nafasi yake. Nisalimie pia Sista Mzee. Simchukii. Namwogopa tu.

Ndimi mtiifu wako katika mambo yote, isipokuwa kifungu cha nne,

Mchora mabango, mzazi, na katibu wa kamati

Tanbihi. Nilipomaliza kuandika niliona kwamba malalamiko ya mtu mmoja hupuuzwa kwa urahisi, na kwa kuwa dada yangu naye hufunikiwa sahani, ilifaa atie saini chini ya yangu. Nikamwita binti yangu aipeleke barua ng'ambo ya ua. Akanikumbusha kwamba amejiuzulu. Basi nikaipeleka mwenyewe, kwa ajili ya saini tu. Dada aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, miwani puani, kisha akasema, "Kumbe bado unaandika vizuri. Ingia, chakula kinapoa." Nikamjulisha kwamba nimekuja kikazi. Akasema, "Kazi yako ifanyie mezani, mdogo wangu. Umekonda." Tukabishana sana juu ya kifungu cha nne, maana anakana kabisa yale maneno ya kubariki maji, na tulipokuwa tukibishana binti yangu aliingia na sahani yake kwapani. Alitusikiliza kidogo. Akafunua sahani ya shangazi yake, akafunua na ile niliyowekewa mimi, akaketi, akala mpaka nikaogopa.

Dada amekataa kutia saini. Anasema yeye hana malalamiko, ana mjukuu. Mtoto huyo atafikia umri wa kuanza shule mwakani, na sote wawili tunaomba awekwe katika chumba hicho hicho cha kulia. Kwa sababu hiyo binti yangu asihamishwe, Sista Mzee asisogezwe hata hatua moja, na fundi mwashi aambiwe asiharakishe. Barua yenyewe naituma kama ilivyo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha inakili kwa mwandiko mzuri, na ingekuwa hasara kuichana.