Koti Katika Kiti cha Mjumbe

Jumatatu, 9 Juni

Mkutano wa jodari umeanza. Nchi thelathini na moja, ukumbi mmoja, siku tano. Wanataka kufunga sehemu ya bahari kuu, ile isiyo na mwenyewe, miezi mitatu kila mwaka, ili jodari wachanga wapate kukua. Hawapigi kura. Akikataa mmoja tu, wote wameambulia patupu. Kazi yangu ni maji na vibao: glasi zijae, majina ya nchi yanyooke mezani.

Kibao cha nchi yangu kiko safu ya tatu. Tangu niikimbie, miaka arobaini na moja, sijaliona jina lile mahali pa heshima. Magazetini huliona karibu na neno "wakimbizi". Nimekifuta mara nne.

Kiti ni kitupu. Mjumbe hajapata viza. Msimamizi wa ukumbi amesema kisipokaliwa hadi kesho saa sita mchana, kibao kinakwenda stoo, utaratibu ni utaratibu. Nimeitikia ndiyo bwana. Kibao hakiendi popote. Nimerudi nyumbani kichwa kikichemka.

Jumanne, 10 Juni

Nimekivalisha kiti koti langu la kijivu. Miwani juu ya makaratasi, kalamu wazi, glasi nusu. Yeyote angeapa kwamba mtu ametoka sasa hivi kunawa mikono. Kila nusu saa nafunua ukurasa. Saa sita msimamizi amepita, ametazama, ameendelea. Mjumbe wa kiti cha pili amelikwaa koti akaliomba radhi. Nimejiona nina akili za kuuza.

Mama Birika, mpika chai, hadanganyiki. Ameniuliza huyo mheshimiwa wangu ana tumbo gani la kumweka msalani tangu asubuhi. Nimemjibu wakubwa wana shughuli nyingi. Amesema wakubwa anaowajua yeye hawana kiraka kwenye kiwiko.

Mchana, mtaalamu wa samaki, mama mfupi mwenye sauti ya mafua, alizimisha taa akaonyesha ramani. Jodari wachanga wametiwa alama mgongoni wakaachiwa, kila samaki nukta moja. Nukta zikaanza kutembea. Zilitoka mbele ya pwani yetu, palepale nilipojifunza kuogelea. Zikavuka mpaka wa nchi moja, ya pili, ya tano. Zikaizunguka bahari nzima, na baadhi zikarudi. Nyingine zilizimika njiani: zimenaswa. Mtaalamu akasema samaki huyu halali usingizi akatulia; akiacha kuogelea, anakosa pumzi, anakufa.

Nilisimama na sinia hadi maji yakanimwagikia viatuni. Nilifundisha jiografia miaka kumi na miwili. Kumbe sikujua kitu.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya aibu. Au sijui niiiteje.

Mjumbe wa nchi ya meli kubwa za uvuvi alikataa miezi mitatu tangu asubuhi. Mwezi mmoja, basi. Wengine wakaguna. Kikao kikakwama kama gari kwenye tope. Mimi nikaona alama ya kidole juu ya kibao chetu. Nikakifuta kwa kitambaa kibichi, nikakisimamisha wima kikauke.

Katika mikutano hii, kibao kikisimamishwa wima, nchi hiyo inaomba kusema. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu. Nilisahau.

Mwenyekiti akaitaja nchi yangu, akaikaribisha izungumze. Vichwa vyote vikageukia koti. Wakalimani ndani ya vibanda vyao vya kioo wakakaa tayari, vinywa nusu wazi. Msimamizi akasawijika pale mlangoni. Nyuma yangu Mama Birika akaninong'oneza: haya, mwambie mheshimiwa wako aongee, au ana haya?

Nikainamia kipaza sauti. Nikasema mjumbe ametoka kidogo, ila ameacha ombi moja: ramani ile ionyeshwe tena. Sauti iliyonitoka ilikuwa na lafudhi ya nyumbani. Nilidhani niliizika zamani.

Taa zikazimwa. Nukta zikatembea. Safari hii hakuna aliyekohoa, hakuna aliyegusa simu. Mawaziri, wanasheria, wenye meli, wote wamenyanyua nyuso kama watu wanaotazama nyota kwa mara ya kwanza. Samaki wa kilo mbili anavuka nusu ya dunia bila kumwomba mtu ruhusa.

Taa zilipowaka, mjumbe wa meli kubwa alikilaza kibao chake polepole. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna kibao kilichosimama. Azimio la miezi mitatu likapita.

Alhamisi, 12 Juni

Mjumbe wa kweli amefika. Binti wa miaka thelathini hivi, begi bado mkononi. Ameuliza koti hili la nani. Msimamizi amenitazama kama mtu anayechagua kisu. Nimekiri yote.

Binti alikaa. Akatoa begini hotuba ya kurasa tisa ya kuunga mkono azimio. Akasema, "Baba, mimi nimeandika mwezi mzima, koti lako limemaliza kwa kunyamaza." Kisha akauliza kwetu ni wapi hasa. Nikamtajia. Kwao ni kijiji cha pili kutoka hapo. Akasema siku hizi nyavu pale huinuka na mwani mtupu. Kisha akaniomba nimwonyeshe choo.

Msimamizi hathubutu kunishtaki. Ikijulikana kwamba koti halikuwa na mtu, nchi ya meli kubwa itapata kisingizio cha kuanza upya. Amenihamishia stoo. Kibao kimebaki mezani, na nyuma yake kuna mtu anayepumua.

Jumamosi, 14 Juni

Stoo ni tulivu. Nimepima mambo yote kwa utulivu nikaliona kosa langu: kitambaa kilikuwa kibichi mno.

Wiki ijayo ni mkutano wa ndege wa baharini. Nimesoma makaratasi yao. Wako wanaoruka miaka bila kukanyaga nchi kavu. Nimeyasoma mara tatu. Mama Birika anasema mwenyekiti wao ameteguka mguu, haijulikani atafika lini. Nyundo yake ya kufungulia vikao iko humu, rafu ya pili. Nimeijaribu kidogo. Ina mlio mzuri.