Muuza Misonobari Aomba Kujua Amsalimie Nani Vipi

Kwa Mheshimiwa Bi Halvorsen,
Mwenyekiti wa Baraza la Mji,
Harlow Falls, Minnesota

Ndiyo mama, ni mimi niliyesema. Umeniuliza kwenye lile onyo ulilobandika kwenye kibanda changu kama kweli Jumamosi, mbele ya maktaba, nilipaza sauti nikasema, "Heri kwa mnaosherehekea, na poleni msiosherehekea!" Kweli tupu. Tena kipaza sauti chenyewe nilikiazima. Sasa unasema likija lalamiko moja zaidi, nafasi yangu ya kuuzia miti imekwenda, na Krismasi imebaki siku tisa. Mama, msonobari tarehe ishirini na sita ni kuni. Kwa hiyo nisikilize, maana na mimi nina malalamiko yangu.

1. Kanuni yenu mpya inataka sisi wote tunaouza uwanjani tuseme "Msimu mwema", basi, ili asiumie mtu. Nikatii. Wa kwanza kupita ni mzee Arvid Lindqvist, yule Mlutheri. Nikamwambia msimu mwema. Akanitazama kama nimemkanyaga. "Msimu gani, Denny? Wa kuvua samaki kwenye barafu?" Nikamwambia, mzee, hata huo ukiwa mwema si hasara. Akawaandikia lalamiko, kurasa mbili.

2. Nikaona bora kila mtu apate ya kwake. Bi Miriam Feldstein akatokea, nikavua kofia kwenye baridi ile ya kukata masikio, nikamtakia heri ya Hanuka, ile sikukuu ya Kiyahudi ya mishumaa. "Iliisha juzi, mwanangu." Kumbe sikukuu yao inafuata mwezi! Mama, mimi nimeshika msumeno kutwa, huo mwezi nitautazama saa ngapi?

3. Bwana Terrence Oakley ni Shahidi wa Yehova, Krismasi kwake haimo kabisa. Huyo nilimheshimu kwelikweli: nilinyamaza kama jiwe. Alifika mpaka kona, akarudi. "Hata habari za asubuhi umeninyima? Nimekukosea nini?" Hilo ndilo lalamiko la pili mlilopokea. Yaani nimeshtakiwa kwa kutosema kitu!

4. Halafu Bi Juniper na wenzake, wale wanaowasha moto siku ile ya Desemba ambayo mchana wake ni mfupi kuliko yote. Wanasema mti wa kijani ulikuwa wao kabla hajazaliwa Mkristo hata mmoja, eti niwaombe radhi. Papo hapo akafika mchungaji Boyd, kuniambia Biblia haina msonobari wenye taa. Wakakubaliana! Watu ambao hawajasemezana miaka kumi na moja walipeana mikono mbele ya kibanda changu, wakinisema mimi kwa sauti moja. Amani nimeileta, mama, na asante sijaiona. Ndiyo maana Jumamosi niliona bora niwasalimie wote kwa mkupuo mmoja.

Ombi langu ni dogo. Baraza liajiri Karani wa Salamu. Kila mkazi aandikishe salamu yake kabla ya Novemba. Anayebadili imani atoe taarifa siku mbili kabla ya kuja kununua mti. Mume Mkatoliki na mke asiyeamini kitu wasimame mbalimbali kidogo, niwasalimie kwa zamu. Wageni wapewe salamu ya muda pale wanapoingia mjini. Na wenye mbwa waliovaa sweta za Krismasi waseme mbwa ni wa dhehebu gani. Asiyejiandikisha nitamwambia tu, "Shika shina, mimi nashika ncha."

Nisalimie mzee wako nyumbani, na wajumbe wote: wa Krismasi, wa mishumaa, wa moto, na yule anayelala tu siku hiyo.

Wako kwenye theluji,
Denny Kowalczyk

N.B. Mke wangu Renata kaisoma barua, anasema nisipoongeza hili nitakuwa mwongo. Hao wote wamenunua. Mzee Arvid alirudi kunionyesha nakala ya lalamiko lake, akaondoka na mti mrefu kuliko sebule yake. Bi Miriam kamchukulia mkwewe mti mmoja. Bwana Terrence kabeba matawi ya kulalia mbwa. Watu wa moto, miwili. Mchungaji alikuja mchana, skafu hadi puani, akaomba mdogo, wa "rafiki". Tangu mbandike kanuni, watu wanakuja kugomba na wanaondoka na mti. Sijawahi kuuza hivi.

Basi tufanye hivi, mama. Kanuni iacheni ukutani, hata mkitaka iandikeni kwa herufi kubwa zaidi. Wewe niachie nafasi yangu hadi mkesha, mimi nakuleteeni mti mkubwa ofisini, bure. Muuite mnavyotaka. Mkishindwa kukubaliana jina, njooni mgombane mbele ya kibanda changu.