Ada ya Kilugha

Leo nimeaibika. Tena si aibu ya kufichika. Ni aibu yenye risiti.

Ninawaandikia mwenyewe, walimu wastaafu wenzangu wa kundi hili, kabla hamjaletewa habari na watu wa Nyamira waliosimuliwa na watu wa Kisii, ambao nao walisimuliwa na mtu wa bodaboda. Mnajua msimamo wangu kuhusu mambo ya kusimuliwa. Katika shauri hili shahidi wa kwanza ni mimi. Mshtakiwa pia ni mimi.

Mtakumbuka kwamba juma lililopita nilitangaza humu kuwa nitanunua gari, na kuwa sitalipa ada hata moja juu ya bei. "Ada ni bei iliyovaa koti," niliandika. (Mlinijibu kwa vidole gumba kumi na viwili. Majina yenu ninayo.) Gari lenyewe ni kwa ajili ya magoti ya mke wangu, Kerubo. Magoti hayo yamekataa katakata kupanda pikipiki, na kanisa liko mbali. Kwa bahati mbaya Kerubo ana imani kubwa. Alikwisha kumwambia mchungaji aliombee gari letu Sabato hii. Gari ambalo halikuwapo!

Asubuhi, nilipokuwa nikifunga tai, alinipa leso iliyofungwa fundo pindoni.

"Hizi ni elfu ishirini za bonasi yangu ya mauzo ya majani ya chai," akasema. "Ni za dharura. Usizifungue kwa sababu ya kiburi."

"Hazitafunguka," nikamhakikishia.

"Na usiporudi na gari, Sabato utanibeba mgongoni. Ujue sijapungua."

Niliongozana na binamu yangu Nyakundi, dalali wa ng'ombe kwa miaka mingi. Hajui gari, lakini anajua kununua. Pia nilibeba kalamu nyekundu. Ninyi mnanielewa.

Nje ya lango la yadi ya kuuzia magari, mjini Kisii, palikuwa na mama aliyekuwa akiuza ndizi. Tulinunua chane moja ya ndizi mbivu. Alipokuwa akinirudishia chenji aliinamia sikio langu.

"Mwalimu, huko ndani mchunge midomo. Yule kijana muuzaji anasikia Kikisii vizuri sana."

"Umemsikia akikizungumza?"

"Hapana. Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Watu wa boda."

"Basi, mama, wewe hujui. Wewe umeambiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Alinitazama kama anayemtazama mtoto akikimbilia matope. "Haya, Mwalimu," akasema. Akaendelea kupanga ndizi zake.

Ndani tulipokewa na kijana mtanashati, mwenye viatu vilivyochongoka na kibandiko kifuani: MUTUA. Nikamgusa Nyakundi kwa kiwiko. Jina hilo ni la Ukambani. Limeandikwa, tena kwa herufi kubwa! Kati ya maandishi na maneno ya watu wa boda, mtu aliyesoma huchagua nini? (Msijibu.)

Gari nililipenda mara moja, nikakunja uso ili lisijue. Lilikuwa dogo, la Kijapani, rangi ya fedha, limetumika kidogo. Kwenye kioo cha ndani ilining'inia kadi ngumu yenye kamba: INAUZWA. BEI MAELEWANO. Nyakundi alilizunguka mara tatu. Alilipiga teke la heshima kwenye magurudumu, akalipapasa mgongoni, akainama kulitazama chini ya mkia. Boneti ilipofunguliwa alichungulia ndani kwa muda mrefu, nami ninaamini kabisa kwamba alikuwa akitafuta meno.

"Halijazaa sana," akatoa hukumu.

Tukaingia ofisini. Mbali na Mutua, alikuwamo binti wa kupokea malipo pamoja na wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu. Mutua akanipa karatasi. Bei: milioni moja, laki moja na ishirini elfu. Chini yake, ada zimejipanga kama wanafunzi waliochelewa. Nikatoa kalamu nyekundu.

"Ada ya kuosha gari," nikasoma. "Gari lilichafukia mikononi mwa nani?"

"Mwetu, mzee."

"Basi lioshwe na mwenye mikono." Nikaikata.

"Ada ya kuhifadhi yadini. Yaani nilipe kodi ya nyumba ambayo sikulala?" Nikaikata.

"Ada ya nyaraka, elfu kumi na tano. Nyaraka ni kurasa ngapi?"

"Nne, mzee."

"Kwa bei hiyo nitaziandika mwenyewe, kwa hati nzuri zaidi!" Nikaikata mara mbili.

Wateja wale wawili wakacheka. Nilijisikia kijana. Mutua hakukasirika. Alisema tu kwamba ada hizo meneja hawezi kuziondoa zote, labda bei ndiyo iguswe, na sisi tushauriane.

Sasa, kwetu mtu hashauriani mbele ya mwenye mali. Hata kwenye mazungumzo ya mahari, upande wa waoaji huomba ruhusa, hutoka nje, hunong'onezana kando ya ua, kisha hurudi. Ndivyo tulivyokusudia. Lakini ilikuwa saa saba na nusu, na mvua ya Kisii haijawahi kuheshimu mazungumzo ya mtu yeyote. Ilikuwa ikimwagika kama iliyofunguliwa bomba. Tukabaki vitini. Tukashauriana palepale, kwa sauti ya kawaida, kwa Ekegusii, ndicho hicho Kikisii.

"Mwisho wangu ni milioni moja na elfu themanini," nilimwambia Nyakundi. "Lakini tutamwambia tuna laki tisa na nusu."

"Sema laki tisa," akashauri. "Tazama viatu vyake. Vimechongoka kama jembe la palizi. Mwenye viatu vya namna hiyo ana haja ya kuuza kabla ya mwisho wa mwezi."

"Viatu ni kitu gani? Tazama paji la uso! Hapo unaweza kuanika debe zima la wimbi na likakauka."

(Nilisema hivyo. Mimi, niliyewafundisha wengi wenu adabu za ugenini.)

"Asijue tu kwamba tuna haraka," Nyakundi akaongeza.

"Atajuaje? Hata hajui kwamba mchungaji anangoja kuliombea gari Sabato."

Mutua alikuwa akiandika. Alikohoa kidogo, akaomba radhi, akaenda kwa meneja. Alirudi upesi.

"Wazee, nimewapigania. Bei ya mwisho ni milioni moja na elfu themanini."

Nikashangaa. Ilikuwa ileile niliyoificha moyoni, haikuzidi wala haikupungua hata shilingi! Nikaiita bahati njema. (Bahati! Mtu aliyefundisha hesabu!)

"Tuna laki tisa," nikasema kwa uso mkavu.

"Naelewa, mzee. Na mimi naona hamna haraka. Mnaweza kurudi hata Jumatatu, baada ya Sabato."

Nyakundi alinitazama. Nikamwambia, kwa Ekegusii, kwamba kijana anabahatisha tu. Kisha, kwa sababu Mungu akitaka kumfundisha mtu mzima humwachia kwanza ulimi, nikaongeza, "Ikibidi kabisa, kuna zile elfu ishirini za Kerubo, zimefungwa kwenye leso humu ndani ya koti. Lakini hizo sitazifungua hata mbingu zikishuka."

Mutua akachukua karatasi mpya. Akaandika bei: milioni moja na elfu themanini. Akavuta mstari. Chini yake akaandika: Ada, elfu ishirini. Akaigeuza upande wangu kwa adabu.

Damu ilinipanda. Nikasimama.

"Kijana! Ada zote nimezikata. Hii ya elfu ishirini ni ada ya nini?"

Akaweka kalamu chini. Akanijibu kwa Ekegusii. Wala si kile cha kuokoteza sokoni. Kilikuwa Ekegusii cha nyumbani, chenye kupanda na kushuka kwake kote.

"Ni ile aliyokufungia mama kwenye leso, Mwalimu."

Wateja wale wawili wakasogeza viti karibu.

"Halafu," akasema, akijigusa paji la uso, "hilo debe la wimbi mtalianua saa ngapi? Nje kunanyesha."

Binti wa malipo aliinama chini ya meza kama aliyeangusha kitu. Hakuwa ameangusha kitu. Nyakundi aligeukia ukutani akaanza kusoma kalenda, na mimi ninajua kwamba Nyakundi hajabeba miwani leo.

Nikaketi tena.

"Mwalimu Mkuu, hunikumbuki?" Sasa Mutua alikuwa amerudi kwenye Kiswahili. "Mimi ni mtoto wa yule polisi aliyehamishiwa Nyamira. Darasa la tano. Nilipofika sikujua neno hata moja la hapa, na watoto hawakutaka kucheza nami. Nikajifunza muhula mzima. Siku ya kwanza nilipotamka sentensi kamili bila kukosea, wenzangu wakashangilia. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu."

Nikakumbuka. Ole wangu, nikakumbuka!

Ninyi nyote mnaijua diski. Kile kibao chenye kamba, alichovikwa mwanafunzi aliyenaswa akiongea kilugha, yaani lugha ya nyumbani, akakivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Shuleni kwangu sheria hiyo ilisimamiwa na mimi binafsi, pamoja na faini ndogo. Nilijivunia.

"Nilikaa nayo siku tatu," Mutua akasema. "Nilikuwa naogopa kumnasa mwenzangu. Ningepoteza rafiki niliyempata juzi."

Wateja wale wawili walitikisa vichwa. Mmoja akasikitika polepole kwa Kijaluo, "Yawa, mzee."

Nilikohoa. Nikamwambia kwamba sheria ile ilikuwa na nia njema. Nikasikia jinsi ilivyosikika. Kwa hiyo nikasema jambo ambalo Kerubo hajanisikia nikilisema tangu tuoane: "Nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

Alicheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Alitoka mbio hadi kwenye gari, akarudi na ile kadi yenye kamba, akaiweka mezani mbele yangu.

"Lakini sheria ni sheria, Mwalimu. Umeongea kilugha ofisini, mbele ya mashahidi."

"Nyakundi pia ameongea!" nikapinga.

"Mimi sikuwahi kuwa mwalimu mkuu," Nyakundi akaiambia kalenda.

Nilipima pande zote za hoja. Sikuona mlango. Nikainamisha kichwa, nikavaa. INAUZWA. BEI MAELEWANO. Binti wa malipo sasa hakuhangaika tena na kujificha chini ya meza. Alipiga makofi.

Mutua akachukua kalamu yangu nyekundu (yangu!) akaikata ile ada ya elfu ishirini. "Leso ya mama irudi kama ilivyofungwa. Na bei ni milioni moja na elfu hamsini. Meneja aliniruhusu kushuka hadi hapo tangu mwanzo." Kisha akaandika mstari mmoja wa mwisho: Ada ya kilugha, shilingi hamsini.

"Nimeapa sitalipa ada," nikasema, ingawa sauti haikuwa na nguvu. "Zaidi ya hayo, faini yangu ilikuwa shilingi tano."

"Maisha yamepanda, Mwalimu."

Nikalipa. Fedha za gari zilitoka benki. Zile hamsini alizitaka mkononi. Risiti imepigwa muhuri. Ipo hapa mezani ninapoandika, na ninakiri kwamba ni nyaraka sahihi kwa kila hali.

Mvua ilipopungua tuliondoka, mimi kwenye usukani, Nyakundi kando akilisifu gari kwamba halipigi mateke. Langoni yule mama wa ndizi alinisimamisha. Aliisoma kadi shingoni mwangu herufi kwa herufi.

"Mwalimu, kumbe unauzwa? Nani atanunua?"

Kisha akainama dirishani. "Nilikuambia."

"Uliniambia ulichoambiwa," nikamjibu. "Kwa utaratibu wa ushahidi, nilikuwa sahihi kutokuamini."

"Sawa," akasema. "Lakini aliye na kamba shingoni ni nani?"

Nyumbani, Kerubo alikuwa amesimama mlangoni, akiiegemea fimbo yake. Aliliona gari, akaziba mdomo kwa mkono. Alilizunguka polepole, akaketi kiti cha mbele, akanyoosha magoti yake yote mawili, akafumba macho. Nikamrudishia leso. Akalipapasa fundo, likamridhisha. Kwa dakika nzima nilikuwa mume bora katika kaunti hii. Ndipo akaomba kuona risiti.

Ameisoma mara nne. Ameiweka ndani ya Biblia yake, na amesema mchungaji akimaliza kuliombea gari, naye atakuwa na neno fupi la ushuhuda.

Basi, wenzangu, mimi nimesema yote, na sitazuia kicheko cha mtu. Ombi langu ni moja: mtakaponipigia simu kunicheka, ongeeni kilugha. Kadi bado iko shingoni, na ninatafuta wa kumvisha.