Administrateur wa Ka-taa ka Kijani

Jumatatu, 27 Januari 2025

Goma imeanguka, baasi bameingia. Radio inasema, jirani anasema, hata balevi ba mutaa wetu wa Kamalondo banasema. Vital, ndugu mudogo wa patron, mukubwa wetu wa kazi, iko kule tangu Noeli, anafunga antena. Simu yake haipiti. Itapita tu! Vital ni mujanja, ndiye alinifundisha kukaza vichwa vya kable. Mimi siwezi kufundishwa na muntu wa kufa ovyo.

Patron Kambale akasema kampuni haiwezi kusimamisha kazi. Tunafunga antena, kamera na kompyuta mu migodi, na kila kitu iko mu kichwa ya Vital: kazi iko chantier gani, vifaa gani, fundi gani. Basi Ijumaa tunachagua logiciel, programu ya kompyuta ya kuongoza kazi yote. Zimebaki mbili. Gestia, ya Dorcelle wa comptabilité, mwenye kushika hesabu, mwenye diplome mbili na shingo ndefu. Na Nguzo, yangu.

Nilichagua Nguzo juu ya nini? Niliijaribu. Ikaandika jina langu, na pembeni: ADMINISTRATEUR. Mimi, niliyeacha masomo mu deuxième secondaire, mwaka wa pili tu! Kwetu Mitwaba Administrateur ni mukubwa wa territoire, wilaya nzima, akipita hata mbuzi zinasimama. Nikapigia mama. Akalia kwa furaha. Akauliza kama balishanipa askari. Nikasema moja, kwa kuanza. (Mwenze, sentinelle wetu wa mulango. Iko na rungu.)

Jumanne, 28 Januari

Dorcelle alinicheka mbele ya bote. Eti mu Nguzo hakuna muntu hata moja, mimi ni Administrateur wa viti vya plastiki. Patron akatikisa kichwa. Siku hizi anatikisa kichwa hata kwa chai.

Akili ikanijia! Muntu akiingia mu Nguzo, pembeni ya jina lake kanawaka ka-taa ka kijani. Nikakusanya simu za zamani za atelier, karakana yetu, nikaingia kwa majina ya bafundi bote. Simu moja ni ya Vital, ile yake ya zamani, aliniachia wakati wa kusafiri. Nikamuingiza naye. Sikuwaza kitu. Orodha ndefu ndiyo nzuri.

Jumatano, 29 Januari

Présentation, siku ya kuonyesha Nguzo. Nimeazima koti ya Mwenze. Écran kubwa ya ukutani: kijani, kijani, kijani. Patron akasoma majina polepole kama katekista. Akafika kwa Vital. Akasimama, kiti kikaanguka. Akasema ndugu yake iko muzima.

Nilifungua mudomo. Kweli nilifungua. Lakini alinikumbatia, akanilowesha shingo kwa machozi, akasema tunachukua Nguzo, mambo kwisha.

Nimemushinda Dorcelle!

Mama ya patron na Vital, Mama Kasoki, alisikia habari, akafika kwa mguu toka mutaa wa Naviundu, kitenge amekivaa ndani-nje. Akagusa ka-taa kwa kidole. Akasema kako na joto.

Sikula.

Alhamisi, 30 Januari

Mama Kasoki habanduki kwa écran. Akaomba bamuandikie Vital mu Nguzo. Patron akaandika: Mwanangu, ulikula?

Mufuko wa suruali yangu ukalia. Ting!

Dorcelle akaangalia suruali. Akaniangalia mimi. Nikakohoa. Haikusaidia, hakuna muntu anakohoa ting.

Nikakimbilia choo. Mule mule nikajibu: Nilikula, mama. Nikasikia vigelegele kupita ukuta.

Dorcelle alikuwa ananingoja kwa mulango. Eti nisiposema ukweli mimi kesho, atasema yeye. "Mupumbafu weye, unajua unacheza na nani?" Hakukuwa na kiburi mu sauti yake. Afadhali kingekuwamo.

Ijumaa, 31 Januari

Kusema sikuwahi. Fundi mwenzake Vital, aliyevuka mpaka, akapiga simu. Risasi ya kupotea, Jumapili. Balishamuzika.

Mama Kasoki akakataa. Huyo muntu anakosea, Vital jana alikula, alimujibu mwenyewe. Ka-taa kake si haka hapa?

Nikatoa simu, nikaiweka kwa meza.

Patron hakunipiga. Nilingoja. Hata kofi moja ingenifaa. Dorcelle akalia, mimi nikahesabu kamba za viatu.

Mama Kasoki akauliza kama ni mimi niliyejibu. Nikasema ndiyo. Akauliza tena:

"Na weye, mwanangu, ulikula?"

Jumatatu, 3 Februari

Matanga bado. Nimebeba viti vya plastiki siku nzima, Dorcelle hakucheka. Bamechukua Gestia. Mule mimi ni "utilisateur" tu, mutumiaji kama bote. Kwa hiyo hakuna mbuzi itasimama.

Patron akanirudishia ile simu. Eti Vital aliniachia mimi.

Jioni mama akapiga toka Mitwaba. Kwaya imeshona vitenge, banakuja kusalimia ofisi ya Administrateur. Akili ikanijia! Mwenze atapiga saluti. Dorcelle ataniazima kiti yake ya kuzunguka. (Hataniazima.)

Mama akauliza niko na bantu ngapi chini yangu. Nguzo bado iko mu simu yangu, majaribio ya bure hayajaisha. Bafundi bengine bote balishatoka mule. Nikasema moja, fundi mukubwa, iko kazini saa hii.

Nikaangalia ka-taa kake, nisije nikamudanganya mama. Simu ya Vital niliiacha kwa chaji.

Kijani.